Kazi ya Kutunza Mbwa Wasio na Wenyewe

Watu wengi hudhani kwamba kufungua makao ya mbwa waliotupwa ni kazi ya huruma tu, na kwamba mtu mwenye moyo mwema, uwanja na mabanda machache amekwisha kupata kila kitu kinachotakiwa. Wale walioifanya kazi hiyo wasema sivyo. Huruma ndiyo imwitayo mtu kuianza kazi, lakini kinachomwezesha kuendelea ni hesabu, usafi na ujasiri wa kusema "hapana" inapobidi. Katika makala haya tutaeleza jinsi makao ya namna hiyo yanavyoendeshwa siku kwa siku, shida zinazowapata watunzaji, na sababu za jambo hili kumhusu mkulima wa shambani na karani wa mjini, hata kama mwenyewe hajafuga mbwa maishani mwake.

MBWA HAWA HUTOKA WAPI?

Hapa Kenya mbwa ni mlinzi wa boma na mali. Usiku huachwa huru abweke, na mchana huenda apendako kutafuta chakula. Kwa hiyo mgeni aonapo mbwa wengi wakizurura sokoni hufikiri kwamba hao ni mbwa wa porini wasio na mtu. Ukweli ni kwamba walio wengi wana wenyewe, au walikuwa nao.

Wengine huachwa na watumishi wanaohamishwa kazi. Mtu hupakia vitanda na viti katika lori, akafunga mlango, na mbwa akabaki kizingitini akingoja. Wengine hukataliwa na mwenye nyumba ya kupanga. Wengine hugongwa na magari, na mwenye mbwa akiona gharama ya matibabu hujifanya hamjui. Tena wako watoto wa mbwa walio majike. Kwa kuwa watu wengi hupenda dume wa kulinda, majike hutiwa katika gunia wangali wachanga na kutupwa kando ya barabara au karibu na soko.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto sita kila mara, hao ni 12 katika mwaka mmoja kutoka kwa mama mmoja. Ni jirani wangapi watakaowataka wote 12? Wanaobaki ndio wanaofika mlangoni pa makao, kama hawakufa njiani.

Katika nchi yetu chama cha zamani kifanyacho kazi hii ni kile kijulikanacho kwa herufi KSPCA, yaani Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama cha Kenya, kilichoanza mwaka 1910 na chenye makao makuu Nairobi. Hupokea mbwa, paka, punda na wanyama wengine walio taabuni. Tangu siku hizo makao mengine madogo yameanzishwa na watu binafsi. Haya tutakayoeleza ni utaratibu ufuatwao na makao yoyote yaliyo mema, makubwa kwa madogo.

SIKU YA KAZI

Kazi huanza alfajiri, kabla ya ufagio na kabla ya chakula. Mtunzaji hupita banda kwa banda akitazama tu. Ni nani aliyeacha chakula cha jana? Ni nani aliyetapika? Choo cha nani kina damu? Mbwa hawezi kusema kwamba anaumwa, na ishara za usiku zikisafishwa kabla ya kuonekana, ugonjwa hupata siku nzima ya kuenea.

Ndipo usafi hufuata, nao una mpango wake. Kwanza husafishwa mabanda ya watoto wazima, kisha ya mbwa wakubwa wenye afya, kisha ya wageni walio katika karantini, na mwisho ya wagonjwa. Anayegeuza mpango huo huchukua ugonjwa kwa viatu vyake na kuwapelekea wachanga. Uchafu huondolewa kwanza kwa maji na sabuni, ndipo dawa ya klorini hutiwa na kuachwa kwa dakika kumi kabla ya kuoshwa. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi hupotea bure, kwa sababu uchafu huondoa nguvu yake.

Watunzaji hushika sheria hizi kwa ukali kwa ajili ya ugonjwa mmoja hasa, uitwao parvo, uliojulikana duniani mwaka 1978. Huwashika watoto wa mbwa wakatapika na kuhara damu, na wengi hufa katika siku chache wasipotibiwa. Vijidudu vyake vyaweza kukaa udongoni mwaka mzima na zaidi. Mtoto mmoja wa mbwa akiingizwa ndani kwa huruma bila kutengwa, aweza kuwaua wenzake wote. Ndiyo sababu kila mgeni huchanjwa siku ile ile afikapo, hupewa dawa ya minyoo, huondolewa kupe na viroboto, kisha hukaa peke yake kwa wiki mbili. Mtu anayetazama kwa mbali aweza kusema kwamba mnyama huyu amefungwa kama mhalifu. Lakini wiki mbili hizo ndizo zinazookoa maisha ya walio ndani.

CHAKULA NA MIKONO YA KAZI

Tuseme makao yana mbwa 80, kila mmoja wa kilo 20 hivi. Mbwa wa kiasi hicho huhitaji chakula kikavu cha gramu 350 kwa siku. Kwa mbwa 80 hizo ni kilo 28 kila siku, kilo 840 katika siku 30, na zaidi ya tani kumi kwa mwaka. Mkulima ataielewa hesabu hiyo upesi akiambiwa kwamba ni zaidi ya magunia tisa ya kilo 90 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Makao mengi hupunguza gharama kwa kupika ugali na kuuchanganya na omena au mabaki ya machinjioni. Walakini si kila kitu kinachotolewa kwa wema kinafaa. Vitunguu ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali na kutoboa matumbo.

Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari zaidi. Sumu ya ukungu huo huharibu ini la mbwa kama iharibuvyo ini la mtu, na wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake. Mtu asifikiri kwamba mahindi aliyoyaogopa mwenyewe amewafanyia mbwa hisani kwa kuwapelekea.

Sasa tutazame mikono ya kazi. Wataalamu wa kazi hii huhesabu kwamba kila mbwa ahitaji dakika 15 kwa siku, kwa kusafishiwa na kulishwa tu. Kwa mbwa 80 hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20. Mtu mmoja akifanya kazi saa nane, hapana budi wawe watu wawili na nusu kabla hatujamtaja anayetia dawa, anayepokea wageni, anayenunua chakula, anayewatembeza mbwa, au anayeandika daftari.

Na daftari si kitu kidogo. Makarani wenzetu watafurahi kusikia kwamba makao mengi yameanguka kwa kukosa karani kuliko kwa kukosa daktari. Kila mbwa yampasa awe na kadi yake: siku aliyofika, mahali alipookotwa, chanjo alizopata, uzito wake kila wiki, tabia yake na jina la aliyemchukua. Pasipo kadi, mbwa mmoja huchanjwa mara mbili na mwingine hasahauliwi ila na sindano. Mwenye mbwa aliyepotea naye akija kumtafuta, hapana ajuaye la kumjibu.

HESABU YA MLANGO

Sasa twafika kwenye jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Makao hayajazwi na idadi ya mbwa wanaoingia peke yake, bali pia na siku ambazo kila mmoja hukaa ndani.

Mathalani, makao hupokea mbwa mmoja kila siku. Ikiwa kila mbwa hukaa siku 30 kabla ya kupata nyumba, makao yatakuwa na mbwa 30 wakati wowote. Wakikaa siku 90, makao yale yale, yenye mlango ule ule, yatakuwa na mbwa 90. Hakuna aliyekuwa mkatili, wala hakuna mvua ya mbwa iliyonyesha. Zimeongezeka siku za kungoja, basi. Mwenye makao akitaka kuokoa mbwa wengi zaidi, dawa yake mara nyingi si kujenga mabanda mapya. Dawa yake ni kuharakisha mambo yanayochelewesha: chanjo isiyotiwa kwa wakati, upasuaji wa kuhasi uliokawia, na mgeni aliyekuja kutaka mbwa akarudishwa kwa kuwa mwenye ufunguo hayupo.

Mbwa akae muda mrefu ndani, tabia yake huharibika. Huzunguka banda mchana kutwa, hubweka pasipo sababu, hata huogopa watu. Watoto wa mbwa ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa katika majuma yao ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi hujifunza nani ni rafiki na nani ni adui. Asiyeguswa na mkono wa mtu katika siku hizo huwa mwoga maisha yake yote, na mbwa mwoga ndiye aumaye. Kwa hiyo kumshika mtoto wa mbwa kila siku na kumzoesha sauti za watu, watoto na magari ni kazi kama kazi nyingine.

MASHAURI MAGUMU

Kila mtunzaji hufikishwa mahali ambapo mabanda yamejaa, na mtu amesimama langoni na kikapu chenye watoto watano wa mbwa. Akikataa, huenda wakatupwa. Akikubali, atawasonganisha waliomo, ugonjwa utaingia, na wote watapata chakula pungufu. Wako watu walioanza na mbwa kumi kwa mapenzi, wakashindwa kukataa hata mara moja, na mwisho wake wakakutwa na mbwa 100 wenye njaa na upele. Huruma isiyo na mpaka imewageuza kuwa watesaji wa wale waliotaka kuwaokoa.

Tena liko shauri zito kuliko hilo. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo, au mgonjwa asiye na matumaini, au mkali asiyeweza kukaa na watu, hutakiwa kulazwa kwa sindano ya daktari, afe bila maumivu. Wasio na kazi hii hupenda kulaumu. Lakini anayeshika kichwa cha mbwa huyo wakati wa sindano ni yule yule aliyemlisha asubuhi, naye hurudi nyumbani jioni hana hamu ya kula. Watunzaji wengi huacha kazi kwa uchovu wa moyo kuliko uchovu wa mikono. Makao yaliyo mema huwapa watu wake siku za mapumziko, tena hayamwachi mtu mmoja aamue mashauri haya peke yake.

Hata kutoa mbwa kuna mashauri yake. Si kila atakaye mbwa hufaa kupewa. Hapana budi aulizwe: Je, una ua? Nani atamlisha ukisafiri? Je, utamfunga mnyororo mchana na usiku? Je, mwenye nyumba amekubali? Wengine hukasirika kwa maswali hayo. Walakini mbwa atolewaye ovyo leo hurejea kesho, tena akiwa ameharibika zaidi.

MANENO YA WATU

"Watoto wa watu wanalala njaa, nanyi mnalisha mbwa?" Swali hili huulizwa kila siku, nalo lastahili jibu la heshima, kwa kuwa anayeuliza ana haki ya kuwajali watoto.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1860 mwanamke mmoja Mwingereza, Mary Tealby, alifungua makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa huko Holloway, London. Katika siku hizo maskini walijaa katika mji ule, na gazeti la The Times likamdhihaki kwa kuwajali mbwa. Mwaka 1862 jarida la Charles Dickens, mwandishi mashuhuri, lilitoa makala ya kuitetea kazi hiyo. Bibi Tealby alifariki mwaka 1865, makao yakahamia Battersea mwaka 1871, na hadi leo yangali yakifanya kazi.

Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tunalo jibu la karibu zaidi, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, wala haujatoka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, walio wengi Afrika na Asia. Karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana, hakuna tiba ya kutegemea. Basi anayemchanja mbwa wa mtaani amemkinga mtoto apitaye njia ile kwenda shule.

SUMU SI DAWA

Kwa miaka mingi njia iliyotumiwa kupunguza mbwa wazururao ilikuwa kuwatupia nyama yenye sumu. Mbali na mateso yake, ambayo hata watazamaji hawayasahau, njia hiyo haizuii ugonjwa. Mbwa wa mtaa mmoja wakifa, chakula cha jalalani hubaki, na mbwa wa mtaa wa pili huja kukirithi, wasiojulikana na wasiochanjwa. Tena sumu haichagui. Humwua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na kinga iliyolipiwa fedha hupotea kwa usiku mmoja.

Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa mwaka kwa mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa ajili hiyo Serikali ya Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Makao ya mbwa ni askari mmoja tu katika vita hivyo. Jeshi lenyewe ni wenye mbwa.

YATUPASAYO

Kwanza, mpeleke mbwa wako akachanjwe kila mwaka, kuanzia afikapo miezi mitatu, na uitunze hati yake. Daktari wa mifugo wa kaunti yako atakueleza siku na mahali.

Pili, ikiwa hutaki watoto wa mbwa, mhasi dume na umfunge jike uzazi. Mlinzi aliyehasiwa hapotezi ulinzi wake, tena hatangitangi mbali na boma kutafuta majike.

Tatu, ukihamishwa kazi, mtafutie mbwa wako mtu wa kumchukua mapema, si siku ile ya lori. Ukimpeleka kwenye makao, sema kweli juu ya tabia yake. Usimfiche mbwa anayeuma kwa kuogopa kukataliwa.

Nne, mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa mwenyewe, ikiwezekana, afungwe na kutazamwa kwa siku kumi.

Tano, usimpige wala kumtesa wala kumnyima chakula mnyama uliye naye, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yakataza mambo hayo.

Na mwenye nafasi ya kuwasaidia watunzaji asidhani kwamba hana budi kuleta fedha. Mkulima aweza kutoa gunia la mahindi safi au majani makavu ya kulalia. Karani aweza kutoa Jumamosi moja kwa mwezi akapanga kadi na madaftari. Fundi aweza kutengeneza malango ya mabanda. Kijana mwenye subira aweza kuwatembeza mbwa.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi twauona mzigo wa watunzaji hawa kuwa mwepesi kwa sababu hatuubebi. Lakini mzigo huo umefungwa nyumbani kwetu: ni yule jike ambaye hatukumfunga uzazi, na yule mlinzi tuliyemwacha kizingitini. Makao yenye sifa si yale yaliyojaa mbwa hata ukuta. Ni yale ambayo mtunzaji wake, alfajiri afikapo, hukuta banda moja tupu, likimngoja mbwa mwenye haja nalo kweli. Banda hilo hatuwezi kulijenga kwa mawe. Hulijenga kila mwenye mbwa anayemtunza wa kwake vema, nyumbani kwake.